Kumbe tatizo lilikuwa maiki, si Kiswahili changu

Baada ya kile kipindi chetu cha gemu, swali lililorudi mara nyingi ni hili: ninunue hedifoni gani? Nitajibu, ila nitazunguka kidogo kwanza, manake jibu langu lilianzia kwenye aibu.

Mwaka 2020, tulipofungiwa majumbani hapa Uingereza, nilianza kucheza PUBG kwenye simu na kaka yangu aliye Dar es Salaam. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni kaka, basi. Kila nikisema kitu: "Unasemaje? Rudia." Narudia. "Sikupati, mdogo wangu." Mimi nimezaliwa huku, Kiswahili changu nimekiokota jikoni kwa mama, na sikuhitaji kuambiwa tatizo ni nini. Matamshi, nikajua. Nikapunguza maneno. Wiki ya tatu nilikuwa nacheza kimya kabisa, naandika "ok" tu. Yeye akadhani nimenuna.

Masikioni nilikuwa na hedifoni za Bluetooth za bei mbaya. Kwa muziki zilikuwa tamu ajabu. Yeye alikuwa anasikia nini, sikuwahi kujiuliza.

Sasa historia. Tukisikia neno hedifoni wengi tunafikiria muziki, lakini muziki ulikuja baadaye sana. Waliozivaa mwanzo walikuwa watu wa kazi. Miaka ya 1880 huko Marekani, Ezra Gilliland aliwatengenezea maopereta wa simu chombo chenye kipaza sauti na kisikilizio pamoja, kizito mpaka kikawa kinakaa begani. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah aliunda hedifoni jikoni kwake na kuzipeleka kwa jeshi la majini la Marekani. Mawimbi ya redio yalikuwa dhaifu, na maofisa wa mawasiliano walihitaji kitu cha kukamata sauti ndogo katikati ya kelele. Jeshi likazijaribu, likazipenda, likaagiza. Akajibu kwamba anaweza kutengeneza chache tu kwa wakati mmoja, kwa sababu kiwanda chenyewe ni jikoni! Hedifoni za stirio za kusikilizia muziki nyumbani, zile za John Koss wa Milwaukee, zilitoka 1958 tu. Miaka mitatu baadaye marubani wawili wakaanzisha Plantronics ili kutengeneza hedifoni nyepesi zenye maiki kwa ajili ya marubani wenzao, na maneno ya Neil Armstrong kutoka mwezini mwaka 1969 yalipita kwenye chombo cha kampuni hiyo.

Lakini mtu ninayetaka mumjue ni James West. Alizaliwa Virginia mwaka 1931, Mmarekani mweusi, wakati ambapo kwa kijana kama yeye kusema "nitakuwa mwanasayansi" kulionekana kama kuchagua njaa. Mwaka 1962, akiwa Bell Labs na Mjerumani Gerhard Sessler, walitengeneza maikrofoni ya elektreti: utando mwembamba wa plastiki ambao umeshikilia chaji ya umeme wenyewe, muda wote. Maikrofoni nzuri za aina hiyo kabla yake zilidai volti nyingi kutoka nje. Hii ilihitaji umeme kidogo tu, ikawa ndogo, ikawa rahisi. Kwa miongo kadhaa maikrofoni nyingi zilizotengenezwa duniani zilifuata njia yao, na ile maiki ya kijiti kwenye hedifoni ya gemu mara nyingi ni elektreti. Yaani kila ukipiga kelele "nifunike, nifunike!", kazi ya mzee West iko sentimita chache kutoka midomoni mwako.

Gemu zenyewe zilianza maiki mapema. Famicom ya Nintendo, Japani 1983, ilikuwa na maiki ndani ya kidhibiti cha mchezaji wa pili. Ila kuongea na mwenzako aliye mbali kulikuja kuwa jambo la kawaida sebuleni pale Xbox Live ilipoanza mwaka 2002, na hedifoni ya sikio moja ndani ya boksi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Hakuna aliyejali, ilimradi amri isikike.

Na wembamba huo una historia yake. Wahandisi wa simu waliamua zamani kwamba ili mtu aeleweke inatosha kupitisha masafa ya kama hezi 300 mpaka 3,400. Inatosha, kweli, kwa watu waliozoeana. Lakini sehemu kubwa ya s, f na th iko juu ya hapo. Zikikatwa, "thamani" na "samani" zinakuwa neno moja, "faa" na "saa" zinakaribiana. Bluetooth ilirithi mambo hayo. Maiki ikiwashwa, kwa kawaida hedifoni inahamia hali ya kupiga simu. Toleo la kwanza huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna kitu kinachopita juu ya hezi 4,000. Toleo la baadaye ni 16,000, afadhali. Ndiyo maana kila nilipofungua maiki hata milio ya bunduki iligeuka ya mkebe. Nililaumu intaneti.

Siku moja kaka akanitumia video aliyorekodi ya mchezo wetu. Nikajisikia. Mtu anaongea ndani ya blanketi! Hata mimi sikumwelewa.

Kwa hiyo jibu langu: anza na maiki, masikio baadaye. Chukua ya waya, au isiyo na waya lakini yenye kidude chake cha USB, kwa kuwa hiyo haipiti kwenye Bluetooth. Maiki iwe ya kijiti, ikae pembeni kidogo ya mdomo isipulizwe na pumzi. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kama desibeli 6 na kelele za chumba zinabaki palepale. Hakuna taa ya rangi itakayokufanyia hivyo. Ukiishi na familia nunua zilizofungwa nyuma. Zilizo wazi zinapumua vizuri na hazichoshi, ila mama akiita utasikia, na televisheni utaisikia pia. Kama tayari una hedifoni nzuri za muziki zenye waya, usizitupe, ongeza maiki peke yake. Halafu jirekodi na usikilize kabla ya kumlaumu mtu, wewe mwenyewe ukiwemo.

Mimi nilinunua ya waya, ya bei ya chini kabisa dukani. Jioni ile nikasema sentensi moja, kaka akanyamaza. Halafu: "Ala! Umetoka kwenye pipa leo?" Tukaongea mpaka usiku wa manane kwake. Tangu hapo ananisikia vizuri mno. Juzi nimesema "bunduki yangu amevunjika" na amewapigia simu ndugu wawili kuwahadithia.