Kipimo Hakijianzishi

Wasee, pitia kituo chochote cha majani chai huku Meru ama Embu. Mkulima anakodolea mizani macho kabla gunia halijaning'inizwa. Anataka kuona mizani iko kwenye sufuri. Mimi naona huyo mzee angeelewa historia ya MPI haraka kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta.

MPI ni kiwango cha maktaba za programu zinazosaidia prosesa nyingi kugawana kazi moja kwa kutumiana ujumbe. Kanuni zake za kwanza zilitoka 1994. Na si kitu cha mbali. WRF, programu ya utabiri wa hali ya hewa inayotumiwa na ICPAC, kituo cha IGAD hapa Kenya, hukata ramani vipande, kila prosesa na chake, kisha MPI hupitisha habari mipakani. Mkulima wa Mbeere akingoja mvua ya Oktoba, utabiri unaofika baada ya kupanda haumsaidii.

Sasa, zile kanuni za 1994 zilikuruhusu kupima kwa nje tu: amri imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi. Ni kama kungoja matatu ya Chuka. Unajua imechelewa, lakini hujui kama ni jam, pancha ama dere amesimama kula. Ilichukua miaka 18. Septemba 2012, MPI-3.0 ikaleta MPI_T, mlango wa kuchungulia ndani. Hapo unasoma vigeu vya utendaji, kwa mfano jumbe ngapi zimekwama kwenye foleni.

Lakini kuna mtego. Kuhesabu kunakula muda, kwa hivyo vigeu vingi hulala mpaka uviamshe. Unafungua kikao, unachukua kishikio cha kigeu, halafu unaita MPI_T_pvar_start. Ukisahau hiyo amri ya mwisho, programu itakimbia usiku kucha na asubuhi usome namba isiyosema lolote. Yaliyopita kabla ya kuanzisha hayarudi. Vigeu vingine huhesabu saa zote kama mita ya stima. Ukijaribu kukianzisha kimoja cha hivyo, unarudishiwa kosa. Na kila mpimaji ana kikao chake, so hesabu yako haivurugi ya mwenzako.

Kitu kinaniuma ni hiki: kanuni hazimlazimishi mtengenezaji wa maktaba kuweka kigeu hata kimoja. Mlango upo, lakini yeye ndiye anaamua utaona nini.

Maoni yangu? Tunapenda kupigia kelele mashine mpya. Kumbe pengine ni prosesa moja tu inayongojewa na zingine zote. Nyinyi mnaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Meru, jifunzeni kupima kwanza. Kabla ya kuomba mashine kubwa, muwe na namba mkononi, na muwe mlianzisha kipimo kabla kazi haijaanza.