Masomo ya Uchumi katika Shahada ya Biashara: Mfano wa Butembo na Beni

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo huulizwa karibu katika kila chuo ambamo biashara hufundishwa: mwanafunzi anayejiandaa kuendesha duka, ghala au kampuni ana haja gani ya nadharia za uchumi? Kwa kuwa swali hilo hujibiwa mara nyingi kwa hoja za jumla, tumeona afadhali tulitazame kupitia historia ya mahali pamoja, yaani miji ya Butembo na Beni katika Kivu ya Kaskazini. Hoja yetu ni kwamba huko uhasibu uliweza kumwonyesha mfanyabiashara kiasi alichopoteza, lakini ni elimu ya uchumi iliyoweza kumweleza kwa nini.

Swali lenyewe si geni. Shule ya biashara ilipofunguliwa Paris mwaka 1819, miongoni mwa waliohusika nayo alikuwa Jean-Baptiste Say, mwanauchumi aliyewahi kumiliki kiwanda cha kusokota pamba. Ubelgiji nayo ikapata shule ya biashara ya Solvay mjini Brussels mwaka 1903. Ni kutoka Ubelgiji kwamba Kongo ilirithi desturi ya kuweka uchumi na usimamizi wa biashara chini ya paa moja. Kwingineko mambo yalikwenda vingine: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda kitivo cha biashara na menejimenti mwaka 1979, na idara ya uchumi ikabaki katika kitivo kingine. Mpangilio huo una faida zake, ingawa kwa maoni yetu humfanya mwanafunzi wa biashara ayaone masomo ya uchumi kama mgeni anayemla muda.

Kwa kijana wa Butembo, lakini, tatizo la kwanza lilikuwa umbali. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kitivo cha uchumi kikawa Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Hata baada ya muungano huo kuvunjwa mwaka 1981, elimu ya juu ilibaki mikononi mwa serikali ambayo barabara zake zilikuwa zimekwisha kumezwa na misitu. Wakati huohuo Wanande, kwa mtaji waliokusanya wenyewe, walikuwa wakisafirisha mboga za nyanda za juu za Lubero hadi Kisangani na Kinshasa, na kahawa yao ikivuka mpaka kuingia Uganda, mara nyingi bila kupita forodhani.

Mwaka 1989 ndipo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilipoanzishwa Butembo, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966. Askofu huyo alikuwa amezoea kuwashawishi wafanyabiashara kuchangia kazi ambazo serikali ilikuwa imezitupa, barabara zikiwamo. Uchumi ukawa miongoni mwa masomo ya chuo hicho, kwa utaratibu wa nchi wa wakati ule: miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Ni mwaka huohuo, mwezi Julai, ambapo mgao wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisimamishwa na bei ikaporomoka. Mkulima wa Lubero aliyemsomesha mwanawe kwa kahawa alilipa ada kwa zao ambalo thamani yake iliamuliwa katika kikao kilichofanyika London.

Hapana budi tukae kidogo juu ya suala la fedha, maana hapo ndipo somo lilipogusa maisha. Siku ya Krismasi mwaka 1979 serikali ilitangaza kuondoa noti za zaire 5 na 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiwango chenye mipaka. Aliyeweka akiba yake ndani ya nyumba, kwa kutoiamini benki, aliipoteza. Mapema mwaka 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa walikataa noti mpya ya zaire 5,000,000, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya ghasia. Mwezi Oktoba ukaja zaire mpya: zaire 3,000,000 za zamani kwa 1 mpya. Sehemu za Kasai ziliikataa kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la vitambaa. Mwenye duka amenunua gora kwa 100, ameliuza kwa 150. Daftari lake, lililoandikwa kwa utaratibu wa hesabu uliowekwa kwa sheria mwaka 1976, laonyesha faida ya 50, na juu ya faida hiyo atatozwa kodi. Lakini anaporudi sokoni anakuta gora lilelile ni 200. Amepata faida, na mtaji wake umepungua. Mhasibu hakukosea hata tarakimu moja. Ili kuelewa kilichotokea yahitajika dhana ya thamani halisi, na ya wingi wa fedha zinazochapishwa na benki kuu kuziba pengo la bajeti. Wazee wa soko walikwisha kulitatua jambo hilo kwa vitendo, kwa kupanga bei kwa dola. Mtoto wao chuoni alipewa jina la tendo hilo, tena kwa Kifaransa, kwani Kiswahili na Kinande viliishia langoni mwa darasa. (Neno faida, kama lilivyotumika sokoni, lilibeba maana mbili ambazo kitabu cha Kifaransa kilizitenganisha. Mwalimu aliyeujua mkanganyiko huo alikuwa na mahali pazuri pa kuanzia.)

Somo la fedha za serikali lilipambana na ugumu wa namna nyingine. Vitabu vilidhani kwamba kuna serikali moja yenye hazina moja. Baada ya vita vya 1998, na kuzuka kwa kundi la RCD-K/ML lililotawala kutoka Beni chini ya Mbusa Nyamwisi, wafanyabiashara wakubwa waliwalipa watawala hao ushuru wa forodha kabla bidhaa hazijafika, nao wakapunguziwa viwango. Malipo hayo yalikuwa kodi, mkopo, au bei ya ulinzi? Daftari lingeweza kuyaandika kama malipo ya awali na kunyamaza. Mwanafunzi aliyesoma uchumi alikuwa na haki ya kuuliza ni nani anayebeba ushuru huo mwishoni, tajiri wa Butembo au mama anayenunua sabuni kwa rejareja, na kwa nini mfanyabiashara mdogo, asiye na fedha za kutanguliza, alitozwa kwa kiwango kamili.

Wanaotaka masomo hayo yapunguzwe wana hoja yao, nasi hatuidharau. Tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, sheria za biashara na za hesabu zimebadilika, na mhitimu asiyezijua hana kazi. Mfumo mpya wa shahada uliochukua nafasi ya gradua na lisansi nao umebana saa za kufundishia. Jambo tunalolipinga ni kuyapunguza masomo ya uchumi kwa kuyaita mapambo. Mwezi Januari 2025 Goma ilipotekwa na M23, benki zake zilifunga milango, na makao ya muda ya serikali ya jimbo yakahamia Beni. Mshahara ulioingizwa benki ulikuwapo kwenye vitabu, na mwenyewe hakuweza kuutoa anunue unga. Tofauti kati ya kuwa na mali na kuwa na fedha taslimu mkononi hufundishwa katika somo la fedha na benki, ambalo wanafunzi wengi wa usimamizi hulihesabu miongoni mwa yale ya kupita tu.