Ulinzi wa mali za watu wazima wasiojiweza (Eldoret)

Ulinzi huu ni jumla ya sheria zinazozuia wazee, wagonjwa wa akili na wengine wasioweza kujitetea wasinyang'anywe mali zao. Eldoret, makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu yaliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, mali inayogombewa zaidi ni ardhi, na anayeinyemelea mara nyingi ni mtu wa nyumbani.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wazee, yaani waliofikisha miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Mtu akipoteza uwezo wa kuamua kwa sababu ya ugonjwa wa akili, jamaa huomba Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Afya ya Akili, imteue msimamizi wa mali. Msimamizi huyo hukabidhi orodha ya mali yote, wala hawezi kuuza shamba bila ruhusa mahususi ya mahakama. Sharti hilo ndilo kinga kubwa kuliko zote: bila hilo, mlinzi angegeuka mporaji.

Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na nyumba ya familia huhitaji ridhaa ya mke au mume. Mzee aliyetia dole gumba kwa kushinikizwa anaweza kuomba mkataba ubatilishwe katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye kituo Eldoret. Ugumu ni ushahidi. Wachache hushtaki watoto wao.