Misewe Isiyo na Jina la Fundi

Mwaka 1934 Percival Kirby, Mskoti aliyekuwa profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alichapisha kitabu kikubwa juu ya ala za wenyeji wa Afrika Kusini. Sura yake ya kwanza haihusu ngoma wala zeze. Inahusu vitu vya kutikisa: manyanga, na vile vifungwavyo miguuni ambavyo Mpemba angeviita misewe bila kusita. Huko kusini aghalabu havichongwi kwa mti. Fundi hukusanya vifukofuko vya nondo, akavitia vijiwe, akavishona kwenye ngozi; Wavenda hutumia maganda magumu ya matunda yaliyokauka.

Kirby alikuwa mtafiti makini, na ala nyingi alijifunza kuzipiga mwenyewe. Hata hivyo, kitabu chake kimepangwa kwa ala na makabila. Ni nani aliyeshona msewe huu au ule, hilo silo swali lililokiongoza.

Wakati huohuo misewe ilikuwa ikizaliwa upya migodini, kilomita chache tu kutoka chuoni. Wenela, kama shirika la kuandika vibarua lilivyojulikana, lilileta wanaume kutoka Msumbiji, Nyasaland, na hata Tanganyika yetu. Siku za Jumapili walicheza ngoma za kwao kambini. Nondo wa nyikani hakupatikana kwa urahisi kando ya vifusi vya dhahabu, basi makopo na vifuniko vya chupa vikafungwa miguuni, mpaka juu ya mabuti ya mpira ya kazini. Hugh Tracey aliandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1952, kikiwa na picha za Merlyn Severn.

Tracey huyohuyo, katika kitabu chake cha 1948 juu ya Wachopi, alikuwa amewataja watunzi wao kwa majina, akina Katini weNyamombe na Gomukomu weSimbi. Hao ni mabingwa wa timbila, marimba ambayo mbao zake huchongwa kwa mwenje, mti mgumu ukuao polepole. Mwaka 1985 maonyesho ya Tributaries, yaliyoandaliwa Johannesburg na Ricky Burnett, yaliwatambulisha wachongaji wa kaskazini: Jackson Hlungwani, Nelson Mukhuba, na Noria Mabasa, mwanamke aliyeingia katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume.

Naona mti umewapendelea wachongaji. Sanamu husimama ukumbini miaka na miaka ikimsubiri mnunuzi, na mnunuzi hutaka jina. Msewe huishi mguuni. Hulowa jasho, hupasuka, hushonwa tena, mara nyingi na mchezaji mwenyewe au jamaa yake. Ile aliyoikusanya Kirby imenusurika kwa sababu haichezwi tena. Sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, mbali na vifusi vya dhahabu, pamoja na ala zake nyingine.