Kasete moja ilibebeshwa kosa la kampuni nzima: tuitetee E.T. ya Atari

Leo historia yetu inatupeleka Marekani, mwaka 1982. Tutaongea juu ya mchezo wa video wenye sifa mbaya kuliko michezo yote: E.T., kasete ya mashine ya Atari 2600. Ukiuliza mtu yeyote anayependa michezo ya zamani, atakujibu bila kufikiri: ule mchezo ni takataka, ule ndio uliua Atari, walizika kasete zake katika jangwa juu ya haya. Hadithi ni tamu. Lakini mtu akiifuata tarehe kwa tarehe, anaona kwamba haisimami.

Tuanze na namna mchezo ulivyozaliwa. Filamu ya Steven Spielberg, E.T., ilitoka mwezi wa 6 mwaka 1982, na watu wakajaa katika sinema kuliko filamu yoyote ya wakati ule. Atari ilikuwa mali ya kampuni kubwa, Warner Communications, na mkubwa wa Warner, Steve Ross, alitaka Spielberg awe rafiki wa nyumba. Wakapatana. Inasemekana haki ya kutumia ile filamu iligharimu kati ya dola milioni 20 na 25. Maongezi yakachukua muda, na yalipoisha, mwezi wa 7 ulikuwa karibu kwisha.

Hapa ndipo tatizo linaanza. Wakubwa walitaka kasete ziwe madukani kabla ya Noeli. Kiwanda nacho kinahitaji wiki nyingi za kutengeneza, kupakia na kusafirisha. Walipohesabu kurudi nyuma, wakaona programu lazima iwe imekwisha tarehe 1 mwezi wa 9. Tarehe 27 mwezi wa 7, simu ikalia kwa kijana mmoja anaitwa Howard Scott Warshaw. Kulibakia wiki 5 na siku kidogo. Mchezo wa kawaida pale Atari ulikuwa unaomba miezi mitano, sita, ao zaidi.

Huyu Warshaw hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa ameandika Yars' Revenge, moja ya michezo iliyopendwa sana kwenye ile mashine, na alikuwa ametoka kumaliza mchezo wa Raiders of the Lost Ark, filamu nyingine ya Spielberg. Spielberg mwenyewe alimtaka. Akapewa saa 36 hivi za kufikiria, kisha akapanda ndege kwenda kumuelezea Spielberg wazo lake. Spielberg akauliza kama haiwezekani kufanya kitu sawa Pac-Man. Warshaw akakataa. Aliona filamu kama ile inastahili kitu kipya. Wakamfungia mashine ya kazi mpaka nyumbani kwake, asipoteze hata saa moja, na akafanya kazi mchana na usiku.

Sasa tuangalie chombo alichopewa. Atari 2600 ilitoka mwaka 1977. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Siyo kilobaiti, siyo megabaiti: baiti 128 tu. Herufi za aya hii peke yake hazingeingia. Mashine haikuwa hata na mahali pa kuweka picha. Mwandishi wa programu alilazimika kuchora kila mstari wa televizyo kwa wakati uleule mstari unapopita kwenye kioo, akikosea kidogo picha inavurugika. Programu nzima ya E.T., pamoja na michoro na sauti, iliingia katika kilobaiti 8. Picha moja tu unayotuma leo kwenye simu ni nzito mara mia kuliko ule mchezo wote.

Na ndani ya ile nafasi, ya sanduku la kiberiti, yule kijana aliweka nini? Watu wengi wanaoutukana mchezo huu hawajawahi kuucheza, kwa hiyo tueleze polepole.

Wewe ni E.T. Umeachwa duniani, mbali na kwenu. Huna bunduki, huna kombora, hupigi mtu. Katika mwaka ambao karibu michezo yote ilikuwa ya kufyatua ao kukimbia, hilo tayari lilikuwa jambo la ajabu. Kazi yako ni kutafuta vipande vitatu vya simu ya kuita kwenu, vimetawanyika katika mashimo, na kila ukianza upya vinabadilisha mahali. Una nguvu 9999, na kila hatua inazipunguza. Unaokota bombo ili uendelee. Kuna askari wa serikali anayekufuata akunyang'anye kipande cha simu ulichopata kwa taabu, na kuna mwanasayansi anayekukamata akupeleke katika jengo lake. Kuna pia Elliott, mtoto mwenye roho nzuri, anayekuja kukuinua ukianguka bila nguvu. Ukipata vipande vyote, unatafuta mahali panapokubali kupiga simu, unapiga, saa inaanza kuhesabu, na lazima ufike mahali pa kutua chombo kabla muda haujaisha. Ukiwahi, watu wako wanakuja kukuchukua.

Dunia yenyewe iko na pande 6, zimeungana sawa pande za sanduku, ukitoka upande mmoja unaingia mwingine. Juu ya kioo kunatokea alama zinazokuambia pale uliposimama unaweza kufanya nini: kuita, kuangalia, kukimbia, kupiga simu. Ni mchezo wa kutafuta njia na wa kukumbuka, siyo wa vidole vya haraka. Mtu aliyewahi kuwa mbali na kwao, anahesabu unite za simu ili aongee na nyumbani dakika mbili, hahitaji kuelezwa sana kwa nini mchezo huu unagusa. Nguvu zinapungua, njia ni nyingi, wenye mamlaka wanakupokonya kile kidogo ulicho nacho, na mtu mmoja mwema anakusaidia. Katika baiti 128 kijana aliingiza hali ya mtu aliyepotea.

Je, mchezo hauna kasoro? Iko nayo, na kubwa. Ni mashimo. Mashine ilikuwa inaangalia kama sehemu yoyote ya picha ya E.T. imegusa picha ya shimo. Kwa hiyo miguu yako inaweza kuwa juu ya udongo mgumu, lakini kichwa kikigusa mdomo wa shimo kwa mbele, chwaa! umeanguka. Unajivuta juu kwa shida, unafika ukingoni, unasogea vibaya kidogo, umeanguka tena. Mtoto aliyefungua zawadi yake ya Noeli bila kusoma kitabu cha maelezo aliona kitu kimoja tu: kuanguka, kupanda, kuanguka. Warshaw mwenyewe ameeleza baadaye kwamba mchezaji anaweza kuvumilia ugumu, lakini havumilii kutokuelewa kilichomtokea. Ni kweli, na wale watoto hawakuwa wajinga.

Lakini tujiulize ile kasoro ilikuwa ya ukubwa gani. Mwaka 2013 mpenzi mmoja wa Atari alichukua programu ileile, akaifungua, akatafuta sehemu inayoamua kuanguka. Akabadilisha namba chache sana ili macho ya mashine yaangalie miguu ya E.T. badala ya kichwa. Akapunguza adhabu ya nguvu wakati wa kutembea, na akamrudishia E.T. rangi yake ya kahawia, kwa sababu katika kasete alikuwa kijani. Hakuongeza dunia mpya, hakuandika mchezo mwingine. Na ukiucheza hivyo, mchezo unatembea vizuri. Mtu anauona kama vile ungekuwa tangu mwanzo.

Hilo, kwangu, ndilo jambo la maana zaidi katika historia hii. Umbali kati ya «mchezo mbaya kuliko yote» na mchezo mzuri wa wakati wake haukuwa akili ya mwandishi. Ulikuwa ni siku chache za kuuweka mbele ya watoto kumi, kuwaangalia wanavyoanguka, na kurudi kusahihisha. Zile siku hazikuwepo, na aliyezila si Warshaw. Wewe uliyeandika TFC unajua: hakuna kazi inayotoka safi bila mtu mwingine kuisoma kwanza.

Tuje sasa kwa shitaka kubwa, kwamba E.T. iliua Atari. Hapa tarehe zinasema zenyewe. Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 1982, Warner ilitangaza kwamba faida haitapanda kama ilivyoahidi. Ilikuwa imeahidi asilimia 50, sasa ikasema 10 hadi 15. Siku iliyofuata bei ya hisa zake ikaanguka karibu theluthi. Ray Kassar, mkubwa wa Atari, alikuwa ameuza hisa zake 5,000 dakika 23 kabla ya tangazo lile. Na E.T. wakati huo? Ilikuwa ndio kwanza inafika madukani! Ugonjwa ulikuwa umeingia mwilini tangu zamani.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa hesabu. Mapema mwaka uleule Atari ilitoa Pac-Man, na inasemekana ilitengeneza kasete milioni 12, wakati mashine zilizokuwa katika nyumba za watu zilikuwa kama milioni 10. Waliuza zaidi ya milioni 7, na zilizobaki zikalala katika depo. Kwa E.T. wakafanya vilevile: karibu kasete milioni 4. Na zingatieni hili: E.T. iliuzwa kama milioni 1 na nusu. Kwa mashine ile, hiyo ni kati ya kasete zilizouzwa sana. Kama wangetengeneza milioni mbili, leo tungeiita biashara nzuri. Lakini mtu akishalipa dola zaidi ya milioni 20 kwa jina la filamu, lazima ajidanganye kwamba kila nyumba itanunua.

Ongeza pia kwamba soko lilijaa. Mwaka 1979 waandishi wanne wa Atari waliondoka na kuunda Activision, kwa sababu Atari ilikataa kuandika majina yao kwenye kazi zao. Nyuma yao wakafuata wengine wengi, wengine hawajui hata wanachouza, na maduka yakafurika michezo ya bei ya kutupa. Halafu ordinatere ya nyumbani, Commodore 64, ikaja kunyang'anya wateja. Mwaka 1983 Atari ikapoteza zaidi ya dola milioni 500. Kasete moja haiwezi kufanya shimo la namna hiyo.

Lakini kampuni inapoanguka, watu wanatafuta kitu cha kunyooshea kidole, na ni rahisi kuinyooshea kasete kuliko daftari la hesabu. Mwezi wa 9 mwaka 1983 malori yalipeleka mali ya Atari katika dampo la mji wa Alamogordo, New Mexico, ikazikwa na kufunikwa kwa simenti. Watu wakaanza kusimulia kwamba kule kuna mamilioni ya E.T. Tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka 2014 wakachimba, mbele ya kamera na ya watu waliokuja kushangaa. Warshaw alikuwepo. Kasete za E.T. zilipatikana kweli, lakini hazikuwa hata nusu. Pembeni yake kulikuwa na Centipede, Asteroids, Missile Command, michezo ambayo hakuna anayeitukana. Hata Yars' Revenge ilikuwepo. Waliokuwa wanazika walikuwa wanasafisha depo nzima, vibaya na vizuri pamoja. Lile kaburi lilikuwa la hesabu mbaya, siyo la mchezo mbaya.

Warshaw aliacha kazi ya michezo kwa miaka mingi, kisha akasomea kusaidia watu wenye matatizo ya moyo na akili, na hiyo ikawa kazi yake. Anaongea juu ya E.T. bila aibu na bila uchungu. Aliambiwa afanye kisichowezekana katika wiki 5, akaleta tarehe aliyoambiwa mchezo kamili, wenye mwanzo na mwisho, unaochezeka. Waliosaini zile kasete milioni 4 hawatajwi sana. Ni jina la yule aliyeshika kalamu ndilo lililobaki juu ya kaburi.

Kwa yeyote kati yetu anayetaka kuujaribu, mchezo unapatikana, na hata simu ndogo inaweza kuubeba. Ushauri wangu ni mmoja: soma kwanza kitabu cha maelezo, tembea mbali na ukingo wa mashimo, na ukishatoka katika shimo, usikimbilie kusogea upande. Nusu saa inatosha kumfikisha E.T. kwao mara ya kwanza. Kisha njooni hapa mtoe hukumu yenu, lakini baada ya kucheza, siyo kabla.