Jicho la Taa

Msomaji, huenda siku moja ukapita barabara ya Kericho au ya Bomet wakati wa adhuhuri, ukaona taa ya barabarani inawaka huku jua liko utosini. Watu wengi waonapo jambo hilo hutikisa kichwa wakasema kwamba mali ya umma inapotea. Hawakosei, kwa kuwa umeme una gharama. Hata hivyo, nakusihi usiipite taa hiyo upesi. Nyuma yake iko historia ndefu ya jibu la swali moja dogo: Ni nani aiambiaye taa kwamba usiku umeingia?

Hapo kale jibu lilikuwa jepesi. Aliyeiambia taa alikuwa mtu. Katika miji mingi ya dunia walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kupita njiani jioni, kuwasha taa moja baada ya moja, na kurudi alfajiri kuzizima. Umeme ulipokuja, mwasha taa aliitupa ngazi yake akashika swichi, lakini uamuzi ulibaki ule ule machoni pake. Katika pwani yetu husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipata mtambo wa umeme mnamo mwaka wa 1875, ukatia nuru jumba lake na njia zilizo karibu nalo. Mwaka wa 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na hapo ikaanza kampuni ya umeme ya mji ule. Mwaka huo huo Nairobi nayo ilipata kampuni yake. Mwaka wa 1922 kampuni hizo mbili ziliungana zikawa East African Power and Lighting Company.

Sasa tupande kutoka pwani mpaka vilima vya chai. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903. Katika miaka ya 1920 kampuni za Uingereza, Brooke Bond na ile ya James Finlay, zilianzisha mashamba makubwa Kericho, katika ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa na utawala wa kikoloni. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, liliundwa shirika la kuwaendeleza wakulima wadogo wa chai. Viwanda vyao, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, vinajulikana na kila mkulima wa upande ule. Bomet yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho mpaka mwaka wa 1992.

Nimeyataja hayo kwa sababu jani la chai lina tabia moja: halingoji. Lililochumwa mchana hufika kiwandani jioni, likatandazwa linyauke kwa saa nyingi, kisha likasagwa, likaachwa libadilike rangi, likakaushwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya kiwanda cha chai hufanyika watu wengine wakiwa usingizini. Malori huingia uani gizani. Watu wa zamu hutoka saa nane za usiku wakashika njia ya nyumbani, na udongo wa nchi ile, ukipata mvua, huteleza kama sabuni. Kwao taa ya nje si pambo. Ikichelewa kuwaka, mtu aweza kuvunjika mguu au kukanyagwa na gari.

Umeme nao, katika nchi hiyo, haukupatikana bure. Kampuni za chai zilijenga mitambo midogo katika mito ili maji yazungushe magurudumu ya umeme. Vivyo hivyo, hospitali ya Tenwek katika Bomet ilipata mtambo wake katika maporomoko ya mto Nyangores mwaka wa 1987. Mto mdogo una kiasi chake, hasa wakati wa kiangazi, na taa inayowaka mchana hutumia nguvu ambayo ingeweza kufanya kazi nyingine. Basi palihitajika mlinzi asiyelala, asiyeugua, na asiyesahau.

Mlinzi huyo alianza kuonekana mbali sana na mashamba ya chai. Mwaka wa 1873 fundi mmoja Mwingereza, Willoughby Smith, alikuwa akishughulika na waya za simu zipitazo chini ya bahari. Waya za namna hiyo zilifika Unguja mwaka wa 1879. Ili kuzipima alitumia vijiti vya seleni, kitu ambacho hupitisha umeme kwa shida. Lakini vijiti vile vilikuwa vigeugeu: leo vilizuia sana, kesho vilizuia kidogo. Alipochunguza, sababu ikawa ni nuru. Vikifunikwa, umeme ulipita kwa shida zaidi. Vikimulikwa, ulipita kwa wepesi. Jambo lililokuwa usumbufu kazini likawa mwanzo wa jicho la umeme.

Kabla jicho hilo halijaenea, Msweden mmoja aliifuata njia nyingine. Gustaf Dalén alitaka minara ya taa za bahari, iliyojengwa juu ya miamba isiyofikika kwa urahisi, ijiwashe na kujizima yenyewe. Mwaka wa 1907 alitengeneza kizibo cha jua. Ndani yake mlikuwa na fimbo nyeusi katikati ya fimbo zinazong'aa. Mchana ile nyeusi ilifyonza nuru, ikapata joto, ikarefuka kuliko wenzake na kufunga mlango wa gesi. Jioni ilirudi kimo chake, gesi ikapita, taa ikawaka. Mwaka wa 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka huo huo gesi ililipuka katika majaribio yake akapofuka. Mtu aliyezipa taa macho alipoteza ya kwake, lakini hakuiacha kazi.

Katikati ya karne ya 20 mafundi walizoea kutumia kitu kingine badala ya seleni, yaani mchanganyiko wa kadmi na salfa. Kipande chake chenye ukubwa wa ukucha, kikipata nuru kali, huwa na ukinzani wa omu mia chache tu. Katika giza ukinzani wake waweza kufika omu 1,000,000. Ukinzani, kama ujuavyo, ni kile kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita.

Tuseme sasa wewe ndiwe fundi, nawe una betri ya volti 12. Chukua kikinzani cha kawaida cha omu 100,000, ukiunge na upande wa juu wa betri. Chini yake unga lile jicho, na mwisho wa jicho uunge na upande wa chini wa betri. Vitu viwili vilivyofuatana hivi hugawana volti kwa kadiri ya ukinzani wa kila kimoja. Mchana jicho lina omu 500, basi sehemu yake ni ndogo mno, kama volti 0.06. Jua linapokuchwa ukinzani wa jicho hupanda, na sehemu yake hupanda pamoja nao. Hapo katikati, zinapokutana, unga transista, chombo kilichovumbuliwa Marekani mwaka wa 1947. Transista hukaa kimya mpaka ipate volti 0.6 au 0.7, ikizipata, huamka na kuruhusu umeme mkubwa zaidi upite, ambao huvuta swichi ya sumaku, na taa huwaka. Jicho linapofika kiasi cha omu 6,000, magharibi imeingia kwa hesabu ya taa yako.

Je, kazi imekwisha? La. Labda utauliza kwanza kwa nini tusitumie saa tu. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna kiangazi cha mchana mrefu kama watu wa Ulaya, na lugha yetu yenyewe huanza kuhesabu saa za usiku pale jua linapotua. Swali ni zuri. Lakini hata Kericho jua hutua mapema mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa katikati ya Februari, na tofauti ni kama nusu saa. Tena stima ikipotea, saa nyingi za umeme husimama, zikawa zinasema uongo zinaporudi. Zaidi ya hayo, Kericho ni nchi ya mvua ya mawe. Mara nyingi alasiri wingu jeusi hufunika vilima, kukawa giza kama la jioni. Saa haijui wingu, jicho hulijua.

Lakini jicho nalo lina upumbavu wake. Likielekezwa kwenye taa yake lenyewe, litaona nuru, litadhani kumekucha, litaizima. Likiona giza, litaiwasha tena, na taa itapepesa usiku kucha. Kwa hiyo fundi huligeuza jicho litazame mbinguni, mbali na taa. Radi nayo ikimulika, au lori likipiga taa zake, jicho laweza kudanganyika. Mafundi wa zamani walitibu hilo kwa joto. Umeme uliopita katika jicho mchana ulitia moto ulimi wa metali mbili, ulimi ukapinda polepole na kukata njia ya taa. Nuru ya kupita haikutosha kuupasha, hivyo taa haikuzimwa na radi.

Sasa turudi kwenye ile taa ya adhuhuri. Kila chombo kitaharibika siku moja. Katika kile chombo cha ulimi, jicho likifa, umeme haupiti tena. Ulimi unapoa, unanyooka, na taa inawaka mchana na usiku. Katika chombo chako pia, waya wa jicho ukikatika, transista itadhani ni giza kuu, na taa itawaka. Lakini ungepanga vitu vile vile kwa namna nyingine, jicho juu na kikinzani chini, na transista ukaiamuru iizime taa inapoamka wakati wa mchana, ungepata kazi hiyo hiyo. Ungeweza pia kuvipanga hivyo hata waya ukikatika taa isiwake kamwe. Mpango wa kwanza, ukiharibika, hupoteza fedha. Mpango wa pili, ukiharibika, humwacha mchumaji au mtu wa kiwandani gizani, tena bila mtu kugundua mpaka usiku.

Waliotangulia walichagua hasara ya fedha. Walijiuliza kosa lianguke upande gani, wakaona heri liangukie mkoba kuliko mwili wa mtu. Na walipata faida ya pili: taa inayowaka adhuhuri hujishtaki yenyewe mbele ya kila mpita njia, ikiomba kutengenezwa.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, taa za barabarani na zile za milingoti mirefu ambazo wananchi huziita mulika mwizi zimeongezeka katika miji mingi ya Kenya. Nyingine hutumia nguvu ya jua na betri. Hizo ni adui wa kosa la aina nyingine, kwa maana ikiwaka mchana betri haitafika asubuhi. Kwa hiyo lile swali la zamani lazima liulizwe upya kwa kila taa mpya, na atakayeliuliza huenda ni wewe.

Basi, mwanafunzi, utakapounda chombo chako cha kwanza, usiridhike kikifanya kazi vizuri mezani. Kata waya mmoja kwa makusudi, utazame taa inafanya nini. Na ukiiona taa ya njiani inawaka jua likiwa utosini, usiicheke. Soma namba ya mlingoti wake, uwaarifu wahusika, kwa maana jicho lake limekwisha kufa, nayo imebaki macho kwa ajili ya wale watakaopita usiku.