Mnururisho, unururifu na halijoto: istilahi za joto katika hifadhi ya taka za nyuklia

mnururisho nm [u-/i-] utoaji na usafiri wa nishati kwa njia ya mawimbi au chembe.
unururifu nm [u-] hali ya viini vya atomi visivyo imara kuvunjika vyenyewe na kutoa mionzi.
halijoto nm [i-/zi-] kiwango cha ujoto au ubaridi wa kitu, kinachopimwa kwa nyuzi.

Mnururisho na unururifu ni maneno yaliyozaliwa na nomino *nuru*, nayo huchanganywa mara nyingi. Matini zinazohusu kuzika taka za nyuklia chini ya ardhi ndizo zinazodhihirisha zaidi madhara ya mchanganyiko huo, kwa kuwa humo dhana zote mbili hukutana katika aya moja.

Fueli iliyotumika katika kinu cha nyuklia huendelea kutoa joto kwa sababu ya unururifu wake. Katika miongo ya mwanzo, sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na sesiamu-137 na strontiamu-90, ambazo nusumaisha yake ni takriban miaka 30. Ndiyo maana fueli hupoozwa kwanza kwa miongo kadhaa kabla ya kuzikwa.

Joto husafiri kwa njia tatu: *mpitisho*, yaani kupita ndani ya kitu bila kitu chenyewe kuhama, *myuko*, yaani kubebwa na maji au hewa inayosogea, na *mnururisho*. Katika hifadhi ya Onkalo nchini Finland, iliyochimbwa zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, mitungi ya shaba huzungushiwa udongo wa bentonaiti ndani ya mwamba mgumu. Hapo mpitisho ndio unaotawala. Katika mpango wa Yucca Mountain nchini Marekani, ambao haukukamilishwa, mitungi ingewekwa katika mahandaki yenye hewa. Hivyo joto lingefika kwenye kuta hasa kwa mnururisho.

Mfasiri anayeandika tu kwamba «mnururisho kutoka kwenye mitungi hufika ukutani» humfanya msomaji adhani kwamba mitungi inavuja sumu, ilhali matini asilia inazungumzia joto la kawaida, kama lile linalohisiwa na mtu aketiye kando ya makaa. Yafaa kuandika *mnururisho wa joto* kila inapokusudiwa hivyo, na *mionzi ya nyuklia* inapokusudiwa ile inayotokana na unururifu.

Joto au halijoto? Katika mazungumzo ya kila siku, *joto* hutosha kwa maana zote mbili. Katika matini ya kisayansi, joto ni nishati na halijoto ni kipimo. Tazama sentensi hizi:

(a) *Joto linalotolewa na mtungi hupungua mwaka hadi mwaka.*
(b) *Halijoto ya mwamba huendelea kupanda kwa miongo kadhaa baada ya mtungi kuzikwa.*

Sentensi zote mbili ni za kweli. Mwamba hupitisha joto polepole, kwa hiyo huendelea kulilimbikiza hata chanzo kinapodhoofika. Mfasiri akitumia *joto* katika zote mbili, atakuwa ameandika kwamba joto linapungua na papo hapo linapanda, na msomaji atadhani mwandishi amejipinga.

Tofauti hiyo ina uzito katika usanifu pia. Katika mfumo unaotumika Finland, halijoto ya bentonaiti haitakiwi kuzidi nyuzi 100 za Selsiasi, kwani joto kali la muda mrefu huweza kuubadili udongo huo na kuupunguzia uwezo wa kuvimba na kuziba nyufa. Kauli «joto lisizidi nyuzi 100» inaeleweka, lakini «halijoto isizidi nyuzi 100» ndiyo sahihi. Kiasi cha joto kinachotolewa kila sekunde hutajwa kwa wati.

Kuhifadhi au kuzika? *Kuhifadhi* hudokeza kwamba kitu kitachukuliwa tena baadaye. Kwa taka zisizokusudiwa kutolewa, *kuzika* au *kuhifadhi daima* hueleza nia kwa uwazi zaidi. *Kutupa* hakufai, kwa kuwa huondoa dhana ya uangalizi.

Taz. pia: *joto, kipitishi, mionzi, nusumaisha.*